Mishono ya Runji Chini ya Maji

"Maji yako yamezima moto wangu, Bwana Mahamed! Yamezima, na maharagwe hayajaiva!"

"Hayo ni maji ya mvua, Mama Wambeti."

"Mvua ya lini? Hebu inua macho. Hata mbingu yenyewe inakushangaa."

Majirani wakaacha kazi zao. Ugomvi wa kuvuka ua, pale Makutano ya Meru, ulikuwa starehe isiyolipiwa, na mwaka ule wa hamsini na sita, katikati ya Hali ya Hatari ya wakoloni, watu walikuwa na kiu ya kutazama jambo lolote lisilo na bunduki ndani yake. Mwenye kufua aliacha nguo kwenye povu. Mwenye kunyolewa alitoka kwa kinyozi na nywele za upande mmoja. Marcella muuza uji, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea, alikuja na kigoda chake kabisa, akakiweka penye kivuli. Alijua ugomvi huu haukuwa wa kutazamwa kwa kusimama.

Igoki, yaani huyo Mama Wambeti, alikuwa ameshika karai la jivu lililorowa. Aliliinua juu ya ua wa madebe yaliyokunjuliwa ili kila mtu aone, kisha akalimwaga upande wa pili, karibu kabisa na viatu vya Mahamed.

"Hilo ndilo jiko langu. Haya, lipikie wewe."

"Astaghfirullah." Mahamed alirudi nyuma. Alikuwa Msomali mrefu, mkavu, mwenye lori lake, mtu aliyeamkiwa kwa heshima kutoka Isiolo mpaka Embu. Lakini mbele ya mwanamke huyu hakujua pa kuweka mikono yake. "Mama, kwani nimekukosea nini? Najenga maporomoko tu."

"Maporomoko!" alidakia Marcella. "Wenzake wanajenga vyoo, yeye anajenga maporomoko."

Watu wakaangua kicheko. Igoki hakucheka, maana alijua maporomoko yale ni ya nani.

Yalikuwa ya Khadra, mke wa Mahamed, aliyekuwa amelala ndani karibu na dirisha, kifua kimemla akabaki macho na sauti. Khadra alizaliwa nchi kavu ya kaskazini, mahali ambapo maji yalitolewa chini kwa kamba. Mahamed alipomwoa alimpakia mbele ya lori, akamleta Meru, kisha akamteremsha mpaka njia ya Embu, na penye mto Thuci akazima injini. Hapo kando ya barabara, maji yalikuwa yakijitupa kutoka juu ya mwamba, bila kuvutwa na mtu, bila kuuzwa. Bibi arusi alikaa juu ya jiwe akakataa kuondoka. Kila alipopona homa, kila alipojifungua mtoto asiyeishi, alisema, nipeleke Thuci. Na Mahamed alimpeleka.

Sasa huko kulikuwa ni marufuku. Kando ya msitu, maficho ya wapiganaji, hakusimami gari, na anayeonekana penye mto anapigwa risasi kwanza, anaulizwa jina baadaye. Kwa hiyo, mgonjwa alipoomba tena, Mahamed aliangalia mfereji uliopita nyuma ya nyumba yake ukishuka kutoka mlimani, akaanza kubeba mawe. Aliyapanga yakafika kimo cha mtu, akachimba bwawa dogo chini yake, akaelekeza maji kwa bomba. Alisiriba bwawa kwa udongo wa mfinyanzi. Udongo mwekundu wa Meru ukayanywa maji pamoja na mfinyanzi. Alitia saruji, ikapasuka. Maji hayakubaki bwawani hata ya kunawa uso. Yote yalipita chini ya ua, yakaenda kumtembelea Igoki jikoni.

Igoki angeweza kuvumilia jivu lililorowa. Kwa ajili ya Khadra, angeweza. Mumewe Runji alipochukuliwa na askari kwenda kambi ya kizuizini, Khadra alimpitishia chai ya maziwa juu ya ua kila asubuhi, hakuuliza swali hata moja la kijinga. Tatizo ni kwamba mwezi uliopita alipita mtu aliyeitwa Gitari, ametolewa kambini, meno yamepungua. Alijifanya anaomba maji ya kunywa. Akasema upesi, akiangalia kikombe: Runji ameshakwenda. Homa ya matumbo, huko chini walikokuwa wakichimba mifereji. Walizikwa wengi shimo moja. Nguo zao zilichomwa. Gitari akamaliza maji, akashukuru, akaenda zake.

Igoki hakumwambia mtu. Angelia vipi? Kibali chake cha kukaa Meru kiliandikwa mke wa fundi. Mjane wa Mwembu aliyefia kambini ni mtu wa kupakiwa kwenye lori, kurudishwa Embu kwenye kile kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba, ambako mama mkwe alikuwa akimlea mtoto wao Wambeti na hakukuwa na chakula cha kuwatosha hata hao wawili. Basi aliuza mboga zake, alisalimia watu, alicheka ilipopasa kuchekwa. Kilio alikifungia. Siku hiyo kilipata upenyo kikatoka kama ugomvi wa maharagwe.

"Leo nakomesha jambo hili," Mahamed alisema. "Jama! Leta turubai."

Jama, shemeji yake na dereva wake, alilitoa turubai la lori stoo akiliburuta. Lori lenyewe lilikuwa limelala juu ya magogo tangu vibali vya safari vilipokatazwa, lakini turubai lilitunzwa vizuri, zito, la kijani kilichochujuka. Wakalitandika juu ya mawe na bwawa, kutoka kileleni mpaka chini, kipande kizima.

"Likiwa hilo chini, mama, hata tone halitapita," alisema Mahamed. "Turubai hili limezuia mvua ya Nyambene. Kaza, Jama!"

Nao wakafanya kama walivyozoea maisha yao yote. Mtu wa lori, ukimpa turubai, mkono wake unalivuta wenyewe. Walipigilia vigingi kuzunguka bwawa, wakapitisha kamba kwenye matundu, wakaweka mguu, wakakaza kama wanaofunika magunia ya kahawa, mpaka likasimama juu ya lile shimo kama ngozi ya ngoma. Jama alilipiga kofi likalia. Watu wakapiga makofi.

Igoki hakupiga. Alikuwa ameona viraka.

Kabla ya kuchukuliwa, Runji alikuwa fundi wa kushona maturubai, na Makutano nzima alikuwa fundi pekee wa mkono wa kushoto. Mishono yake ililala upande ambao mishono ya watu wengine hailali. Igoki ndiye aliyempakia nyuzi nta, jioni baada ya jioni, akimpasia, wakiongea upuuzi. Na pale mbele yake, katikati ya turubai la Mahamed, kiraka juu ya kiraka, ilikuwa mishono ile, imelala upande wake. Nyumba yao ya Embu ilichomwa. Nguo zake zilichomwa. Igoki hakuwa na hata kofia yake. Na sasa Jama alikuwa akivuta kamba, na mshono wa kiraka kikubwa ulianza kufunguka, uzi mmoja, na mwingine.

Hakukumbuka alivyovuka ua. Watu walimwona tu akiwa juu ya turubai, ameketi, miguu ameinyoosha, sketi imeshika jivu, kama mtu aliyeketi kitandani kwake.

"Sitoki," alisema.

"Uui!" alinong'ona Marcella, akisogeza kigoda.

"Mama Wambeti," Mahamed alisema polepole, "nimeleta turubai kwa sababu yako."

"Sitoki."

Umati ukaongezeka. Na umati ukiongezeka miaka ile, lazima atokee mtu wa kuupunguza. Alitokea Kiogora, homgadi, yaani mgambo wa serikali, na koti lake lililompita mikono.

"Huu mkutano ni wa nini?"

"Wa maji, afande," alijibu Marcella.

"Mna kibali?"

"Sisi tunacho. Maji ndiyo hayana, yanavuka mipaka ovyo."

Kiogora alitaka kucheka, akakumbuka bunduki. "Tawanyikeni. Nikirudi nimkute mwenye nyumba na wafanyakazi wake tu." Alimtazama Igoki pale alipoketi. "Na huyu?"

"Huyu mfanyakazi," Mahamed alisema haraka. "Anapima."

Watu wakatawanyika wakinung'unika. Walibaki Mahamed na Jama, na Igoki juu ya turubai, na Marcella, ambaye amri za serikali hazikumhusu mpaka zitaje jina lake.

"Haya, wamekwenda," Mahamed alisema. "Niambie unataka nini. Maharagwe nitakulipa."

"Nataka viraka."

"Viraka vya nini?"

"Hivi. Vya Runji. Nikatie, unipe."

Mahamed alitazama turubai, akaanza kuelewa nusu. "Nikikata viraka linabaki chujio, mama. Maji yatarudi jikoni kwako. Na jingine sina, na barabara zimefungwa, na yule ndani..." Hakumaliza. "Ngoja Runji atoke. Siku hizi wanatoka. Akitoka atakushonea hata nyumba nzima ya turubai."

"Hatoki."

"Wanatoka, wallahi. Juzi tu nimemwona mmoja sokoni..."

"Runji hatoki, Bwana Mahamed." Aliweka kiganja juu ya kiraka. "Wameshamweka chini. Wamemweka na wengine, sijui wapi, sijui amelala upande gani. Sina kitu chake. Mtoto akiniuliza baba yuko wapi, sina hata mahali pa kumwonyesha kwa kidole. Nataka hiki nikipeleke Embu nikifukie kando ya nyumba ya mama yake. Kiwe ndiyo yeye."

Marcella alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakiweka magotini.

Mahamed alisema yale maneno wanayosema Waislamu, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tunarejea. Kisha akapanda juu ya turubai na miguu yake mirefu, akaketi kando ya Igoki. Likabonyea. Walikaa hivyo, jirani na jirani, juu ya shimo lisilo na maji. Baadaye akatoa kisu mfukoni, akakifungua, akampa kwa mpini.

"Kata."

"Na Khadra?"

"Kata, mama. Nitajua la kumwambia."

Ndani, nyuma ya dirisha, kikohozi kilianza, kikapanda, kikachukua muda mrefu kushuka. Halafu ile sauti iliyobaki: "Mahamed? Mbona kimya? Maji hayajafika tu?"

"Yako njiani," Mahamed alijibu.

Igoki aliweka ncha ya kisu kwenye mshono wa Runji. Uzi ulikuwa bado na nta. Nta aliyoipaka yeye mwenyewe, kwa dole gumba lake. Alikaa na kisu kile hapo. Jama aligeuza uso. Kisha Igoki akainuka, akaenda ukingoni, akakata kamba. Akakata na ya pili, na zote zilizofuata, moja baada ya nyingine, akizunguka bwawa, na turubai likashuka taratibu, likaingia shimoni, likakaa.

"Mnafunika lori," alisema. "Lori mnalizuia upepo. Hapa hakuna upepo, kuna uzito. Mkilikaza hivyo, maji yakijaa yatachana kila mshono. Muwe mnalilaza. Acheni mikunjo. Acheni lilale."

Wakaanza upya. Walilitoa, wakatandaza chini magunia makuukuu na majani ya migomba, ili mawe ya shimoni yasilichome. Wakalirudisha, kipande kizima kutoka kileleni mpaka bwawani, wakilifuata shimo lilivyotaka lenyewe, bila kulivuta. Kingo wakazipandisha juu kuliko maji yatakavyofika, wakazikunja na kuzibana nyuma ya mawe. Igoki aliomba jambo moja tu: mishono itazame juu, isitazame udongo. Hawakumuuliza kwa nini.

Marcella alikwenda kwake akaleta nta kwenye mkebe na makaa ya kuiyeyushia. Igoki alipiga magoti ndani ya bwawa, akashona upya palipofunguka, kwa mkono wake wa kulia usiojua kulaza uzi upande ule. Ukatoka mshono wa ovyo, wenye kujaribu. Kisha akapaka nta moto kila kiraka, akipitisha vidole juu ya kila uzi, akianzia juu akishuka chini, hakuruka hata mmoja. Jama, ambaye alikuwa amewaosha ndugu zake wawili kabla ya kuzikwa, aliona mikono ile inavyokwenda, akavua kofia.

Jiwe la kwanza la kulikandamiza turubai, bapa na laini, Igoki aliliweka mwenyewe. Alilishusha juu ya kiraka kikubwa, akalishikilia kidogo, akaliacha.

Jua lilikuwa bado halijazama Mahamed alipofungua bomba. Maji yalikohoa kwanza, yakatoa matope. Kisha yakapanda kileleni, yakasita kama mtu mlangoni, yakajitupa. Yaligonga jiwe, yakagonga jingine, yakaingia bwawani, na bwawa likaanza kujaa. Marcella alikimbia upande wa pili wa ua, akapapasa sakafu ya jiko la Igoki kwa kiganja. "Pakavu!" alipiga kelele. "Pakavu kabisa!"

Wengine walikuwa wakisikiliza dirisha.

"Thuci," Khadra alisema. Kisha: "Igoki yuko wapi? Mleteni."

Igoki aliingia na miguu yake ya matope, akaketi sakafuni karibu na kitanda. Sauti ya maji ilikuwa imejaa chumba chote. Khadra alitafuta mkono wake, akaupata.

"Nimesikia yote, dada. Ukuta wenyewe wa udongo." Alipumzika. "Umekunywa chai yangu mwezi mzima. Hukuniambia."

"Ungelia. Na wewe hukutakiwa kulia, kifua chako."

"Ningelia, ndiyo. Mtu alitakiwa amlilie."

Basi. Hapo ndipo kilipotoka. Igoki alilaza uso wake kwenye godoro la Khadra akalia kwa sauti, sauti ambayo hakuijua, akamwita Runji, akamwita tena. Na huko njiani Kiogora alipita akirudi kukagua, akasimama, akategea sikio, akasikia maji yakianguka, akaenda zake.

Khadra aliishi siku chache, akisikiliza. Alipokata roho mahindi yalikuwa yanatoa nywele, na walioshinda naye walisema alitaka bomba lisifungwe. Halikufungwa. Aliondoka asubuhi, akazikwa adhuhuri, kama ilivyo desturi yao, na turubai lingine likaazimwa kwa jamaa wa mji wa Maua likasimamishwa uani kwa ajili ya watu waliokuja kuhani.

Marcella alikuwa amewaeleza wateja wake habari zote za maporomoko: mawe, kamba, kisu, nta. Kuhusu Runji hakusema hata nusu neno, na waliomjua hawangeamini kama wangejua.

Siku ya pili ya matanga Igoki alipika. Alipika njahi, yale maharagwe meusi, na ndizi kwenye chungu kikubwa, kwenye jiko lake kavu, kwa sababu aliwajua majirani zake: nyumba iliyofiwa kwao haiwashi moto, wengine ndio wanaoiletea chakula. Alijitwika chungu kichwani, akazunguka kwa njia ya mlango, siyo kwa ua. Kiogora alikuwa getini na bunduki yake, akihesabu waombolezaji kwa macho, maana hata matanga yalihitaji ruhusa.

"Unaleta chakula?" aliuliza.

"Naleta."

"Pita. Weka, utoke. Ndani wawe wenye msiba tu."

Ardo, dada yake Khadra aliyefika kutoka Isiolo, ndiye aliyekuwa akipokea vyungu mlangoni. Alikuwa na macho ya Khadra yale yale. Igoki ilibidi aangalie chini. Alishusha chungu, akasema pole alizojifunza, akageuka kuondoka. Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanaanguka, yanaanguka.

Ardo alimshika kiwiko.

"Wewe ni Igoki," alisema kwa sauti ya chini. "Dada yangu aliniambia kabla hajaondoka. Aliniachia na kazi." Akamwangalia Kiogora pale getini, akanyoosha mgongo, na sasa akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwake: "Huyu ni wa ndani. Huyu ni mwenye msiba."

Mahamed, aliyekuwa ameketi mkekani kati ya wazee, aliinua kichwa. Alisogea, akapapasa mkeka kando yake, pale nafasi ilipopatikana.

Igoki alisimama kizingitini, mikono mitupu. Tangu Gitari arudishe kile kikombe, hakuna mtu aliyemletea chungu. Hakuna aliyemwandalia sahani akamwambia kaa, leo usipike.

"Waliofiwa hawabebi vyungu, mama," alisema Ardo, akiinama kumvua viatu vyenye matope. "Ingia. Njoo ukae, tukupakulie ule."